Mheshimiwa Ameshakula?

Jumapili, 2 Agosti

Wameondoka, hatimaye. Gari lilikuwa limeshatoka getini, likarudi kinyumenyume, mdogo wangu akashuka mbio, nikadhani amesahau pochi. Kumbe amerudi kuwaaga samaki. Aliinama mbele ya kioo, akasema, "Mheshimiwa, tutaonana," akatoka tena bila hata kunitazama. Mimi dada yake, niliyembeba mgongoni hadi mgongo ukawa na alama, sikuagwa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Nimemaliza muhula sauti imekauka na vidole vimejaa chaki, na niliapa likizo hii nitalala mpaka nichoke kulala. Ndipo ikaja simu: "Dada, wewe si uko likizo?" Swali hilo limekula likizo zangu zote tangu niajiriwe. Watu wanadhani likizo ya mwalimu ni kiti kitupu, anayepita anakalia.

Kwa hiyo nimehamia kwa mdogo wangu kwa wiki nne. Yeye na mkewe wamekwenda hoteli ya ufukweni, na jambo analolisubiri kuliko yote ni kupanda mashua yenye kioo chini ili aone samaki. Nimemuuliza kama anasikia maneno yanayotoka kinywani mwake. Akasema wale ni tofauti.

Mdogo wangu ni mfamasia, ana duka lake la dawa, na anaiendesha nyumba yake kama duka. Chakula cha samaki amekigawa kwenye vile vibahasha vya dawa, kila kimoja kimeandikwa "asubuhi" au "jioni". Juu ya tangi amebandika maelekezo: nisigonge kioo, nisiingize mkono wenye mafuta, taa izimwe saa fulani, na Mheshimiwa apewe kwanza la sivyo hukasirika. Mheshimiwa ndiye yule mkubwa mwekundu, mwenye mkia kama gauni la bibi harusi. Wale wadogo wa kijivu hawana majina. Mimi nimewaita wananchi.

Na Baba? Baba anaishi hapa hapa, ana presha, na presha ndiyo iliyomchukua mama yetu mchana kweupe akiwa anaanika nguo. Nikauliza, "Na Baba je?" Mdogo wangu akajibu, "Baba anajua dawa zake, ziko mezani kwake." Basi. Samaki wamepewa ukurasa mzima, Baba amepewa nusu mstari wa mdomo. Wifi yangu alianza kusema, "Wifi, ila asubuhi Baba..." mumewe akamkatiza, akanivuta nikaone jinsi ya kufungua mfuniko wa tangi. Nimeuona. Unafunguka kama mfuniko wowote.

Jumatatu, 3 Agosti

Asubuhi nimewalisha. Saa mbili simu ikalia, simu ya video. "Shikamoo dada, Mheshimiwa ameshakula?" Yote kwa pumzi moja, hakusubiri hata marahaba yangu. Akataka nimwonyeshe. Nikasogeza simu kwenye kioo, akaanza kumsemesha samaki kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa binadamu.

Baba alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake. Kamera ikampita kama inavyompita mtu aliyesimama kwenye picha ya watu wengine.

Jumanne, 4 Agosti

Wamekula. Nimepigiwa. Wamekula.

Alhamisi, 6 Agosti

Baba sasa naye ananichosha. Kuanzia asubuhi amekaa mbele ya tangi. Anakuja na bilauli yake ya maji na kibahasha chake cha dawa, anakaa, anatazama. Chai anywee hapo, redio asikilizie hapo. Mtu huyu mwaka jana hakuwa anashikika nyumbani. Kila asubuhi alikuwa pale barazani kwa kinyozi, kwenye drafti, akiwafunga wenzake na kuwacheka mpaka wanamkasirikia.

Nikamwambia, "Baba, toka nje upigwe na hewa. Wenzako si wapo kwa kinyozi?"

"Miguu inauma."

"Jana umezunguka ua mzima unamfukuza paka."

"Jana haikuuma."

Nimemwacha. Nafundisha watoto wa darasa la tatu, najua jibu la mtu asiyetaka kujibu. Nadhani ni uzee tu, au kiburi, amefungwa na mtu kwenye drafti na hataki kurudi.

Jumamosi, 8 Agosti

Mvua tangu alfajiri, na mchana umeme ukakatika. Pampu ya hewa ikazima, tangi likawa kimya, nami kwa mara ya kwanza tangu nifike nikasikia raha. Raha ikadumu mpaka simu ilipolia. Sijui ni nani aliyemwambia kuwa huku umeme umekatika, huenda anaota.

"Dada, watakosa hewa! Chukua kikombe, chota maji, uyamwage kutoka juu. Juu kabisa. Endelea mpaka umeme urudi."

Kwa hiyo mwanamke mwenye cheti na diploma nimesimama sebuleni, nachota maji ya samaki na kuyarudisha kwa samaki, nachota na kurudisha, mkono ukawa mzito, kanga imelowa. Mvua nje inamwaga, nami ndani namwaga. Baba akaniangalia weee, kisha akainuka na jagi.

"Kaa," akasema. "Nimekunywesha uji kwa mtindo huu huu ulipokuwa na surua."

Akamwaga mpaka umeme uliporudi jioni. Tumecheka. Kwa siku nzima hii ndiyo saa pekee niliyoipenda, na nilikuwa nimelowa.

Jumatatu, 10 Agosti

Maji ya tangi yamebadilika rangi. Si sana, ila yana wekundu wa mbali, kama maji uliyosuuzia nguo inayochuja. Nimesafisha chujio. Nimeangalia taa. Mfamasia anauliza kwenye simu kama niliingiza mkono wenye losheni. Sina losheni. Anauliza kama nimewapa chakula kisicho chao. Nimewapa vibahasha vyako, bwana wee, vilivyoandikwa kwa mkono wako.

"Basi kuna kitu unafanya, dada, ila hujui kama unafanya."

Nimekata simu. Nitasema mtandao ulikuwa mbaya.

Jumatano, 12 Agosti

Mwananchi mmoja amekufa. Nimemkuta asubuhi anaelea, tumbo juu. Nikajaribu kujiambia amelala.

Kumpa mdogo wangu habari ilikuwa kazi. Akaipokea kama mtu aliyepigiwa simu ya ajali. Kisha akataka kumwona marehemu. Nikamshika kwa kijiko mbele ya kamera, nikamgeuza upande huu, nikamgeuza upande ule. Akauliza jana jioni alikuwa anaogeleaje. Nikasema alikuwa anaogelea kama samaki. Hapo akaudhika, akasema mimi nachukulia mambo kwa mzaha, na kwamba siku zote nimekuwa hivyo.

Kwa nyuma nikamsikia wifi yangu: "Hebu mwache dada wa watu apumzike." Sikutarajia. Huyu wifi nimekuwa nikimwona mtu wa kujisikia, anayejibu maneno machache na kupandisha nyusi. Jioni akaniandikia ujumbe: "Pole wifi kwa usumbufu. Baba anaendeleaje? Dawa anameza?"

Nikamjibu, "Mzima tu, anameza." Namwona kila asubuhi na kibahasha mkononi, na bilauli inarudi jikoni tupu.

Alhamisi, 13 Agosti

Mfamasia amemtuma mtu wa duka la samaki. Ameingia na viatu mpaka sebuleni, akatazama tangi, akatikisa kichwa kama fundi wa gari anayetaka kukuogopesha kabla ya kutaja bei.

"Mama, unawashibisha sana."

"Nawapa kilichopimwa."

"Basi aliyepima ndiye anawashibisha sana." Halafu akagonga kioo! Kitu cha kwanza kilichokatazwa. Mheshimiwa hakushtuka hata kidogo, na hilo lilinishangaza mimi. Yule bwana akatoa kichupa cha dawa ya matone ya buluu, akadondosha, akasema kesho watakuwa wanacheza dansi.

Baba kwenye kiti chake akaguna. "Hata wao wanapewa dawa bila kuulizwa," akasema. Nikacheka, nikadhani ni utani.

Ijumaa, 14 Agosti

Hawachezi dansi. Maji sasa ni ya zambarau.

Jumamosi, 15 Agosti

Wananchi wawili zaidi. Mheshimiwa amelala ubavu chini kwenye changarawe, anapepea pezi moja kama mgonjwa anayeomba maji. Nimebadilisha nusu ya maji, ndoo baada ya ndoo kutoka bafuni, kiuno hiki hapa hakinisikilizi.

Simu asubuhi. Simu mchana. Simu nikiwa chooni. Mdogo wangu amefikia kuniuliza kama kuna mtu ana kinyongo naye, mtu anayeingia nyumbani. Nimemwambia mtu pekee mwenye kinyongo naye ninamfahamu vizuri sana, na yuko hapa ameshika ndoo.

"Dada, nakuomba. Samaki hawa nimewalea miaka. Wewe hujui maana ya kulea kitu."

Hilo nimeliandika ili nisije nikajifanya nimelisahau. Nimekaa kitandani nikalia kidogo kwa hasira. Sikuolewa, sikuzaa, kila mwaka nalea watoto wa watu na kuwakabidhi darasa la nne. Na likizo nalea samaki wa mtu na baba yetu sote wawili.

Jumapili, 16 Agosti

Baba ameamka na kichwa kinamuuma. Anasema ni kelele za pampu. Nimemuuliza, "Umemeza dawa?" Akajibu, "Si unaona kibahasha ni kitupu?" Kweli kilikuwa kitupu. Nikampa chai, nikarudi kwa Mheshimiwa, maana ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi.

Jumanne, 18 Agosti

Leo sitaki kuandika kuhusu samaki.

Jumatano, 19 Agosti

Amri mpya kutoka ufukweni: nihamishe samaki wote waliobaki kwenye ndoo ya maji safi, niondoe changarawe na mapambo, yaani daraja na lile jumba la plastiki, nioshe kila kitu, nianze upya. Nimeuliza kama hoteli yake haina bwawa la kuogelea la kumzamisha mtu. Kesho nitafanya.

Ijumaa, 21 Agosti

Jana sikuandika. Jana nilikuwa na mambo.

Asubuhi nilimtoa Mheshimiwa kwa bakuli, kisha wananchi, nikawaweka kwenye ndoo. Baba hakuwepo kwenye kiti chake, alikuwa bado chumbani, na nikashukuru kwa kuwa na nafasi. Nikamwaga maji, nikachota changarawe, nikainua lile jumba la plastiki ambalo samaki hupita mlangoni mwake. Likanivujia mkononi rojorojo jekundu. Nikaligeuza. Ndani, kwenye kona, kulikuwa na vidonge. Vingine vimeshayeyuka vimekuwa uji, vingine bado ni vizima, vya mviringo, vya rangi ya waridi. Nikainua daraja. Chini yake vipo.

Sikuhitaji kuuliza ni vya nani. Vibahasha vyake viko mezani pake, na vidonge vya rangi ya waridi anavyo yeye peke yake.

Nikaenda chumbani kwake na mkono umejaa, maji yanadondoka kwenye zulia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba. Hii ni nini?"

Akatazama mkono wangu, akatazama dirisha. "Dawa."

"Zinafanya nini kwenye tangi?"

"Chooni nilitupa moja, ikagoma kuzama. Inaelea tu, inaniangalia. Kwenye taka yule dada wa usafi anayekuja kuzichukua angeona." Akasema kwa utulivu, kama anaeleza jinsi ya kufika sokoni. "Wale nao wanapenda kitu kikidondoka."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoondoka. Wifi yako husimama hapa kila asubuhi mpaka nimeze, halafu ananiambia niseme 'aa'. Wewe hukusimama."

Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira, ndivyo nilivyo. Nikapaza sauti. Nikamwambia mama alikufa kwa nini, unakumbuka? Nikamwambia mimi nabeba ndoo kutwa kwa sababu yako, natukanwa kwa sababu yako. Nikamwambia kama amechoka kuishi aseme, mimi nirudi kwangu. Maneno ambayo mtu hamwambii baba yake.

Akainuka anijibu. Akashika kabati. Akasema, "Mbona kuna ukungu humu ndani?" na hapakuwa na ukungu, asubuhi ilikuwa nyeupe, jua limejaa chumbani.

Vidonge vikaniponyoka. Nikamkalisha, nikamfunga mkononi mashine ya kupimia presha iliyokuwa mezani pake, kwa haraka hata nikaifunga kinyume. Iliposoma nikaizima nikaiwasha tena, nikidhani imeharibika. Haikuwa imeharibika. Nilimpigia dereva wa teksi anayekaa jirani, tukambeba Baba mimi na yeye, huku Baba anasema tusimshike kama gunia.

Zahanati walituweka mbele ya watu wote, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, kwa sababu zahanati hawamtangulizi mtu bure. Wakampa kitu, wakamlaza, wakawa wanapima kila baada ya muda. Mimi nikakaa pembeni yake kwenye stuli. Kila alipofumba macho nilimwita. Mara ya mwisho akasema, "Sijafa. Nimechoka kukutazama umenuna."

Kisha, macho bado yamefumbwa, akanieleza.

Kile kidonge humfanya akojoe. Si kukojoa kwa kawaida. Kinamshika ghafla, hakimpi muda, na kinaendelea asubuhi nzima. Kwa kinyozi hakuna choo, choo kiko nyuma ya duka la jirani na kina kufuli, ufunguo unaombwa. Siku moja alikuwa katikati ya mchezo, anaelekea kushinda, akainuka kuomba ufunguo, mwenye duka hakuwepo.

"Nilikuwa nimevaa suruali ya kijivu," akasema. "Ya kijivu inaonyesha."

Hawakumcheka. Anasema hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Wale wazee wanaochekana kwa kila kitu, siku hiyo wote waligeuza nyuso wakajifanya wanapanga vizibo vya drafti. Tangu siku hiyo hajarudi.

"Ukamwambia mdogo wangu?"

"Nilimwambia zinanisumbua. Alikuwa anafunga duka. Akasema nitazizoea."

Wiki zote hizi nimemwita mvivu, mtu wa kiburi, nimemfukuza nje kwa hewa. Nami ndiye niliyekuwa nikijisifu kuwa najua jibu la mtu asiyetaka kujibu.

Daktari, binti mdogo mwenye miwani, akaja, akauliza kwa nini mzee aliacha dawa. Baba akanitazama. Nikasema, "Mweleze." Nikatoka nikasimama korido, nikampa nafasi. Nilipoitwa ndani alikuwa amemwandikia dawa nyingine kabisa, isiyomkimbiza chooni, na akasema tumewahi. Siku chache nyingine angekuja kwa namna nyingine, akasema, au asingekuja.

Tumerudi jioni. Mheshimiwa alikuwa bado kwenye ndoo, hai.

Jumamosi, 22 Agosti

Simu. "Shikamoo dada, umeosha? Mheshimiwa ameshakula?" Jana na juzi sikupokea, na yeye alikuwa amekwisha kuandika ujumbe wa kunilaumu kwa lugha ya ofisini.

Kabla sijafungua mdomo Baba akanipungia mkono, hapana, hapana. Nikasema samaki wako kwenye ndoo, tangi linakauka, niko bize, kwaheri.

"Usimwambie kwa simu," Baba akasema. "Atanisomea somo la presha toka huko huko, na mkewe yuko pembeni anasikia. Ile habari ya suruali siitaki kwenye simu."

"Basi utamwambia wewe mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akirudi."

"Mimi sitabeba mizoga ya samaki wako, Baba. Nimeshabeba vya kutosha."

"Nimesema nitamwambia, mwalimu."

Namjua. Mdogo wangu akiingia akianza kusema, Baba hunywea. Anaogopa elimu ya mwanawe kuliko anavyoogopa presha. Akinyamaza, ile dawa ya zamani itarudi mezani, maana mwenye duka ni mwanawe, na mimi shule inafungua nakwenda zangu. Wifi nimemwandikia, lakini sikumweleza kitu, nimesema tu, "Mkirudi tuzungumze kuhusu Baba." Akajibu mara moja: "Nilijua. Ningekuambia siku ile."

Jumatatu, 24 Agosti

Nimesimama mpaka amemeza. Nimemwambia aseme "aa". Ameniambia nina adabu mbaya.

Jumanne, 25 Agosti

Presha imeshuka. Mheshimiwa amekula punje moja akatema nyingine. Yuko wima.

Alhamisi, 27 Agosti

Asubuhi Baba alikaa kwenye kiti chake, akainuka, akakaa. Akaenda chooni, akarudi, akatazama saa, akangoja. Mwisho akavaa kofia. Hakusema anakwenda wapi, nami nilijitia nimezama kwenye kukunja nguo. Alivaa suruali nyeusi.

Alirudi mchana ameinua kidevu. "Wamekuwa wabovu wote," akasema. "Hakuna aliyejifunza kitu." Akala sahani mbili.

Ijumaa, 28 Agosti

Kesho wanarudi. Nimeuliza, "Umepanga utakavyosema?" Baba akasema amepanga. Nikasema niambie nisikie. Akasema yeye si mwanafunzi wangu. Sina imani. Nimelala mchana nikaamka nimechoka.

Jumamosi, 29 Agosti

Wamefika alasiri, wamebabuka pua wote wawili. Mdogo wangu aliingia na begi begani, akasema, "Shikamoo Baba," akiwa tayari ameshampita, hakusimama mpaka pua yake ikafika kwenye kioo. Wifi yangu alishika mkono wa Baba kwa mikono miwili, akauliza hali, akamtazama usoni kwa muda, kisha akanitazama mimi.

Tangini alikuwa Mheshimiwa na wananchi wanne. Zamani walikuwa wamejaa kama watoto wa darasa langu.

"Wengine wako wapi?"

Akawahesabu tena kwa kidole.

"Dada, picha ulizotuma sizielewi. Maji mekundu, sijui ya zambarau. Mimi nimesomea dawa. Samaki hawafi hivyo bila sababu. Uliwafanya nini?"

Nikamtazama Baba. Baba alikuwa anatazama mikono yake. Nikangoja. Mdogo wangu akaendelea: kwamba alinipa kila kitu kimeandikwa, kwamba alikuwa hotelini halali usingizi, kwamba mtu ukimwachia kitu chako kimoja tu, kimoja, cha kuangalia. Wifi akasema, "Mume wangu, vua begi kwanza." Hakuvua. Baba bado kimya, mabega yameshuka, na nikaona kabisa kuwa ataniacha nibebe. Nikavuta pumzi. Nilikuwa tayari kusema yote, na suruali nisiiache.

"Mwache dada yako," Baba akasema.

Sauti ilikuwa ndogo. Mdogo wangu hakusikia, akawa bado anasema kuhusu chujio.

"Nimesema mwache dada yako!" Sasa tulisikia sote. "Ni mimi. Nilikuwa nawapa dawa zangu za presha. Kila asubuhi."

Mdogo wangu akageuka. "Unawapa... Baba, dawa zile si za samaki. Zitawaua! Hujui zinavyofanya kwenye mwili?"

"Najua," Baba akasema. "Nilikuja dukani nikakueleza zinavyofanya. Ukaniambia nitazizoea." Akanyoosha kidole kwenye tangi. "Hawa wenzangu wameshindwa kuzizoea."

Mdogo wangu alifungua mdomo, na mimi ninayemjua tangu hajaota meno nikaona lile somo la presha limemfika kooni, na nikaona linavyorudi chini. Begi likateleza begani likaanguka, na hakuliokota. Alivuta stuli, akakaa mbele ya Baba, tangi likawa nyuma ya mgongo wake.

"Zilikuwa zinakufanyaje, Baba?"

Baba akamchunguza. "Una nafasi?"

"Ninayo."

"Si unafunga duka?"

"Baba, ninayo."

Baba akaanza toka mwanzo kabisa, toka kidonge cha kwanza, polepole. Alipofika kwa kinyozi, akataja drafti, wifi akanishika kiwiko, tukaingia jikoni, tukafunga mlango.